Ijumaa ya Hotpoti

Mtu akikuambia, "Usijali, mama hana shida," kamuulize mama mwenyewe. Mimi sikumuuliza. Nilimwamini Valerian, na kumwamini Valerian ndiko kulikoniponza mchana ule, mbele ya sufuria inayotokota na mbele ya mwanamke niliyetaka aniite mkwe kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani.

Miaka mitatu nilikuwa nasubiri neno lake. Mimi ni Eunike, binti wa Mzee Ebenezeri wa Machame, mzee wa usharika, Mlutheri tangu enzi za babu. Valerian ni kitinda mimba wa Mama Bernadetha wa Kibosho, na kwao hata mbwa anajua saa ya sala ya Malaika wa Bwana. Baba yangu alinuna mwaka mzima mpaka akachoka mwenyewe, akasema, "Haya, kama hao Waroma wanakutaka, waje waseme." Akabaki mama yake Valerian. Bila yeye kufungua mdomo, hakuna mjomba hata mmoja ambaye angebeba mbege, pombe yetu ya ndizi ya posa, kuja kwetu.

Wala hakuwa ananichukia, na hilo ndilo lililokuwa likiniumiza zaidi. Mimi ni afisa mifugo. Mwaka juzi ng'ombe wake alishindwa kuzaa, nikapanda Kibosho kwenye tope, nikavua koti, nikamgeuza ndama tumboni kwa mkono huu wa kulia. Mama Bernadetha alinimwagia maji ya kunawa akasema, "Mikono yako naipenda, binti. Kanisa lako ndilo linaloninyima usingizi."

Sasa Ijumaa hiyo alikuwa anashuka Moshi mjini kuchukua miwani mpya, na Valerian akaniambia mama yuko tayari kukaa na sisi atoe jibu lake.

Mahali nilichagua mimi, sikatai. Mkahawa wa Chemsha ulikuwa umefunguliwa miezi miwili iliyopita, barabara ya kwenda Rau, na vijana wote wa mji walikuwa wanakwenda kupiga picha pale. Sufuria inawekwa katikati ya meza juu ya jiko la umeme, supu inachemka mbele ya macho yako, unaletewa nyama ya ng'ombe mbichi iliyokatwa nyembamba mno, unaichovya, unahesabu mpaka kumi, unakula. Kila asubuhi mimi ndiye ninayekagua nyama machinjioni kabla haijagongwa muhuri. Nyama ndicho kitu ninachokijua. Nilitaka kumlisha mama kitu ninachokijua.

Lakini siku alichagua Valerian. Nilimwandikia kabisa kwenye simu: *Ijumaa si itakuwa shida kwa mama? Kwaresima hii.* Chuoni nililala chumba kimoja na Mkatoliki aliyekuwa anakula maharage badala ya nyama kila Ijumaa mpaka Pasaka, kwa hiyo si kwamba nilitoka porini. Akanijibu: *Haina noma mpenzi. Mama siku hizi haangalii hayo. Jumamosi napanda mlima na wageni, tumalize Ijumaa.* Akaongeza na alama ya kidole gumba.

Nikaridhika. Mapenzi yana ujinga wake.

Saa saba kamili walifika. Nilimwona Valerian kupitia kioo kabla hajaniona, akimshika mama yake kiwiko kuruka dimbwi la maji, na moyo wangu ukafanya vile unavyofanya siku zote. Ni mwanaume mrefu, mwenye shingo iliyochomwa na jua la mlimani na kicheko kinachoanzia machoni. Nampenda. Naliandika hili mapema ili usije ukadhani niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa kutompenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Baba yako mguu umepona?"

"Umepona, anawasalimu. Miwani imekupendeza."

"Inanionyesha vitu ambavyo sikuvihitaji," alisema huku akikaa. Alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la kanisani, na kanga begani. Akatazama meza, akatazama kule jikoni, akatazama meza ya jirani. "Sasa hotpoti ziko wapi?"

Valerian alianza kucheka. "Mama, hii ndiyo hotpoti."

"Hii ni sufuria, Vale."

"Ni hotpoti ya Kichina."

"Hotpoti naijua mimi. Ninazo tatu kabatini, moja ya maua. Uliponiambia kwenye simu tunakwenda kula hotpoti, nikajua kuna mtu amepika, chakula kimefunikwa, sisi ni kufunua tu. Sasa hapa nani amepika?"

"Unapika mwenyewe, mama," nikamweleza. "Unachovya kidogo kidogo."

"Nimeshuka kutoka Kibosho kuja kupika?"

Tukacheka wote watatu, yeye akicheka kuliko sisi, mpaka miwani ikajaa mvuke wa supu ikabidi aivue. Nilimpenda sana dakika ile. Nikawaza, huyu mama tutaelewana.

Ndipo msichana wa pale akaweka sahani mbili mezani. Nyama ilikuwa imekunjwa kunjwa vizuri, nyekundu, na mistari myeupe ya mafuta imepita katikati.

"Sarara hiyo, mama," nikasema kwa majivuno. "Na hii ni kidari. Nimeichagua mwenyewe asubuhi."

Mama Bernadetha alifuta miwani kwa pindo la kanga, polepole, akaivaa. Akaitazama sahani. Kisha akanitazama mimi.

"Leo siku gani?"

"Ijumaa, mama."

"Ijumaa gani?"

Supu ilikuwa inachemka. Meza ya jirani wasichana wawili walikuwa wanapiga picha vijiti vyao vya kulia.

"Saa kumi nina Njia ya Msalaba," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nimefunga na kusali juu ya jambo lenu hili tangu Jumatano ya Majivu. Leo nimesema, nishuke, nikampe huyu binti jibu jema. Na nimekuta amenitengea nyama."

"Mama..."

"Subiri. Mimi sijawahi kuisema dini yako, Eunike. Hata mara moja. Nimesema naogopa, sijasema nadharau. Kama ulitaka kunionyesha kwamba ya kwetu ni ya mchezo, si ungengoja nife?"

Nikamgeukia Valerian.

Sasa nisikilize vizuri. Huyu mwanaume amefika kilele cha Kilimanjaro mara sitini na moja. Amewahi kumshusha Mjerumani mgongoni kutoka kambi ya Barafu usiku kucha, na mvua ya mawe juu. Wapagazi wanamsikiliza, mlima wenyewe nadhani unamsikiliza. Na pale mezani, mita moja kutoka kwa mama yake, alikuwa ameshika vijiti viwili anakoroga supu isiyokuwa na kitu ndani.

Nilimtazama kwa macho yote niliyonayo. *Sema, Vale. Neno moja tu.*

Akainua kichwa. "Mama," akaanza, na moyo wangu ukainuka pamoja naye. "Mama, msamehe tu. Eunike hakujua. Walutheri hawana haya mambo ya Ijumaa."

Kuna maneno yakisemwa unayasikia mara mbili, mara ya kwanza kwa masikio, na mara ya pili tumboni. *Msamehe.* Eti mimi ndiye wa kusamehewa.

"Vale," nikasema.

"Naam."

"Mwambie mama nani alichagua Ijumaa."

"Si tulipanga wote?"

"Tulipanga wote?"

"Eunike, tafadhali." Akanishika mkono chini ya meza, akanibinya vile anavyonibinya tukiwa kanisani. "Tusibishane mbele ya mama. Tutaongea baadaye."

Nikautoa mkono wangu. Simu ilikuwa kwenye mkoba, ujumbe wake uko palepale na kidole gumba chake. Nilifungua zipu nusu, kisha nikaifunga. Ningeweza kumwonyesha mama na mambo yakaisha. Lakini sikutaka kushinda kesi. Nilitaka kutetewa. Nilitaka mtu ninayelala nikimwota anisimamie kwa dakika moja tu, mchana kweupe, bila mimi kumlazimisha kwa ushahidi.

"Mwache," mama akamwambia mwanawe, akianza kukusanya kanga yake. "Kama hajui, hajui. Mjinga ni mimi niliyevuka mabonde yote yale."

Hapo ndipo Justina alipotokea. Justina ndiye mkuu wa wahudumu wa pale, mchangamfu kupita kiasi, na jina lake limeandikwa kifuani.

"Kaka Vale! Jamani, sikukuona ukiingia. Leo umewahi. Nikuongezee kabisa ile sarara kama Ijumaa iliyopita? Mama, huyu kijana wako alimaliza sahani tatu peke yake, nikabaki nashika kichwa!"

Mama Bernadetha aliiachia kanga.

"Ijumaa iliyopita," akarudia.

"Nilileta wageni, mama," Valerian akasema harakaharaka. "Wazungu. Unajua kazi yetu, mgeni akila na wewe inabidi..."

"Wazungu gani tena?" Justina akacheka, maskini, akidhani ni utani, akaninyooshea kidole. "Si ulikuja na dada huyu huyu? Mkakaa kule dirishani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Valerian iliishia kwenye beji ya Justina. Akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, nakiri. Hata wakati ule nilimwonea huruma, na nikajichukia kwa huruma hiyo.

"Mwanangu," mama akamwambia Justina kwa upole, "kuna nini hapa kisichokuwa na nyama?"

"Kuna kabichi, uyoga, viazi... ila supu ni ya mifupa, mama."

"Basi niletee chai ya rangi. Na sahani hizi ziondoe, usizitupe. Watakula wengine."

Chai ikaja. Mama alizima jiko mwenyewe, baada ya kubonyeza vitufe vitatu visivyo, na supu ikatulia. Alikunywa chai yake bila kumtazama mwanawe. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, mama."

"Habari ya Ijumaa?"

"Ya Ijumaa na ya Kwaresima."

"Akasemaje?"

Nikamgeukia Valerian nimpishe ajibu. Nilimpisha kwa muda mrefu, mpaka hata yeye akajua amepishwa. Alikuwa anakwangua lebo ya chupa ya soda kwa kucha.

"Alisema wewe siku hizi huangalii hayo," nikajibu.

Mama Bernadetha aliguna. Akaweka kikombe chini.

"Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa hivi hivi. Mtu mwema kabisa, mkono hakuwahi kuninyanyulia. Lakini akikosana na padri, anayekwenda kuomba radhi ni mimi. Akiwaahidi ndugu zake jambo likamshinda, anayekwenda kueleza ni mimi. Miaka thelathini na nne nimekuwa mdomo wa mtu. Na huyu nilipoona anakua vilevile, nikawa mdomo wake na yeye. Nikajidanganya ni upole."

"Mama, basi," Valerian akanong'ona.

"Nyamaza, umeshazoea." Akanigeukia tena. "Mimi nilikuwa nalia na kanisa lako. Kumbe nyumbani kwangu mwenyewe Kwaresima iliisha zamani, na mimi sina habari. Eunike, wewe mkweli. Ungeweza kumsema tangu nilipokaa hapa, ukangoja aseme mwenyewe. Nimekuona. Sasa mimi nazeeka, na huyu atahitaji mtu wa kumsemea. Nimekubali. Pasaka ikipita, wajomba watakuja Machame. Ndoa tutafunga Kibosho, na ukitaka kuendelea kusali kwenu, uendelee. Sitakuzuia."

Hilo ndilo neno lenyewe. Miaka mitatu nilikuwa nimelipangia hata nitakavyolia likija. Nilikuwa nimepanga nitapiga magoti, nitambusu mikono, nitampigia baba simu palepale.

Machozi hayakuja. Nilikuwa naisikia sentensi moja tu: *atahitaji mtu wa kumsemea.*

Nikamtazama Valerian, nikisubiri nione uso wake. Na yeye, nakuapia, alikuwa anatabasamu. Rangi ilikuwa imemrudia. Akaegemea kiti, akashusha pumzi, akaniambia:

"Umeona? Si nilikuambia mama hana shida?"

Kama angenimwagia ile supu ningeumia kidogo zaidi, si sana.

"Vale, sema kitu."

"Niseme nini tena? Mama ameshakubali. Sasa tatizo nini?"

"Useme ni wewe uliyechagua siku. Useme nilikuuliza ukanidanganya. Kisha uniombe radhi kwa kuniacha nionekane mshenzi mbele ya mama yako. Mimi sitaki kitu kingine. Hata mbege sitaki kwa sasa."

Alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta maneno, na naamini yalikuwepo, yako karibu kabisa. Halafu akageuza macho. Hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake, amsaidie.

Na mama akamsaidia.

"Mwanangu Eunike," akaanza, "ndivyo alivyo huyu, usimkazie sana. Mimi nakuomba radhi kwa niaba yake..."

Sikusikia yaliyofuata. Nilimwona yule mama na miwani yake mpya, mikono yenye sugu za jembe, akiomba radhi kwa kosa la mtu mzima wa miaka thelathini na mbili aliyekaa pembeni anasubiri limalizike. Nikajiona mimi. Nikaona namna nitakavyomweleza baba yake mdogo, namna nitakavyomweleza mwalimu wa watoto wetu, namna nitakavyokuwa nimechoka.

"Mama," nikamkatiza, na mimi sijawahi kumkatiza mtu mzima maishani mwangu. "Nisamehe. Wasije."

"Wasije akina nani?"

"Wajomba. Pasaka ikipita, wasije."

Mama Bernadetha alinitazama. Hakushangaa, nadhani. Aliyeshangaa ni Valerian.

"Eunike! Umechanganyikiwa? Miaka yote hii tunamsubiri mama, leo amekubali, wewe ndiye unakataa?"

"Amekubali yeye. Wewe bado sijakusikia."

"Mimi si nakupenda? Hujui nakupenda?"

"Najua." Nikasimama. "Nami nakupenda, Vale, mpaka naona aibu. Ila mimi nilitaka mume."

"Kaa chini, watu wanatuangalia."

Katika yote aliyoweza kuyasema, alichagua hilo. Nikachukua mkoba. Nikamwinamia mama, nikamshika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili. Akaifumbata yangu kwa nguvu, akaniachia. Nikapita katikati ya meza za watu na mvuke wao.

Nje masika yalikuwa yameanza kunyesha kwa hasira. Mlima ulikuwa umejificha siku ya tatu hiyo. Sikuwa na mwavuli. Nilisimama chini ya bati la duka la jirani, na hapo sasa machozi yakaja yote kwa pamoja. Nililia bila adabu. Mwenye duka akajifanya anapanga sabuni.

Nikasikia mlango wa Chemsha unafunguliwa. Nikasikia hatua, za haraka, zikikanyaga maji, zikija upande wangu. Na moyo wangu huu mpumbavu ukaruka. Nikajipangusa uso kwa kiganja. Nikasema kimoyomoyo, amekuja. Akinishika bega tu, hata asiposema kitu, namsamehe yote, narudi ndani, nakula hata hiyo kabichi. Nilingoja mpaka hatua ziliponifikia ndipo nikageuka.

Alikuwa Mama Bernadetha. Kanga juu ya kichwa, viatu vya kanisani vimejaa tope, miwani imelowa hata sijui alinionaje. Alikuwa anahema.

Tulitazamana. Akashusha macho.

"Ameniambia nije nikurudishe," akasema.

Nikakitazama kioo cha Chemsha nyuma yake. Kilikuwa kimejaa ukungu, hakuonekana mtu.

"Kwani yeye hana miguu, mama?"

Midomo yake ilicheza, sijui kwa kicheko au kwa kilio.

"Anayo," alisema. "Nilimzaa nayo yote miwili."

Nikamweka kanga yake vizuri kichwani, mvua isimpige shingoni. Kisha nikaingia mvuani, nikavuka barabara.